Maneno 50, kwa Kipimo cha Nani?

Mzazi akifika kliniki na mtoto wa miaka 2 ambaye "hajasema vizuri", swali la kwanza huwa: anajua maneno mangapi? Kipimo kinachotajwa ni maneno 50 hivi kufikia miezi 24, pamoja na kuunganisha mawili mawili, mfano "mama njoo". Si kipimo kibaya. Tatizo ni kwamba kilitokana hasa na watoto wanaokua wakisikia Kiingereza, nasi tunakitumia kana kwamba lugha zote zimeshonwa kwa mshono mmoja.

Kwa Kiingereza, mtoto anayetaka kusema kwamba ameanguka hana budi kupanga maneno. Kwa Kiswahili "nimeanguka" inatosha: nafsi, wakati na tendo vyote vimo ndani. Sasa chukua mtoto aliyeanza na "anguka", miezi ikapita akasema "meanguka", kisha "nimeanguka". Kwa hesabu ya maneno hajasogea, bado yuko kwenye neno moja. Kwa sarufi amepanda ngazi mbili, tena ndefu.

Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi na mwaka 2005 akachapisha kitabu kuhusu jinsi wanavyojifunza Kiswahili. Alikuta kwamba mwanzoni huacha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili. Shina na irabu ya mwisho hubaki. Ni rahisi kudhani sababu ni masikio tu, kwamba mkazo wetu uko karibu na mwisho wa neno na vya mwanzoni vinapotea. Lakini kiambishi cha mtendwa nacho hukaa kabla ya shina, na watoto haohao hukitia pale kinapohitajika. Mtoto anayesema "mempiga" amemwacha mpigaji na kumtaja aliyepigwa. Huo ni utaratibu, ulimi mzito hauhusiki. (Kabla hujamsahihisha, wasikilize watu wazima wa Nairobi. Nao husema "meenda", na hakuna anayewapeleka kliniki.)

Ndiyo maana naikataa tabia ya kuchukua orodha ya maneno ya Kiingereza, kuitafsiri, na kumpa mzazi aweke alama. Marekani wanayo orodha maarufu ya MacArthur-Bates. Ilipotengenezwa kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, Kenya, katika kazi ya mtafiti Katie Alcock na wenzake, ilibidi iendane na lugha na maisha ya pale, na wazazi waliulizwa kwa mdomo kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Ikadhihirika kwamba mama asiyesoma anaweza kuieleza lugha ya mwanawe vizuri kabisa, mradi aulizwe inavyofaa.

Aulizwe nini? Kwanza, mtoto anaelewa nini. Mwaka 2012 watafiti Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 hugeuza macho kuelekea picha ya chakula au kiungo cha mwili kinachotajwa, kabla ya kutamka neno lolote. Nyumbani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwambie "lete kikombe" bila kukiangalia wala kukinyooshea mkono. Tazama pia kama yeye mwenyewe huonyesha vitu kwa kidole ili nawe uvione. Asemaye machache lakini anaelewa na kuonyesha hanitii hofu kama yule asiyefanya lolote kati ya hayo. Na kama nyumbani kuna lugha mbili, maneno ya zote yajumlishwe. Lugha ya bibi haimcheleweshi mtoto, wala kuiacha hakumharakishi.

Halafu masikio. "Atasema tu, hata baba yake alichelewa" ni maneno yanayopoteza muda wa watoto wengi wasiosikia, kwa sababu mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa sauti. Kinachokosekana ni ule mrudio wa silabi, ba-ba-ba, da-da-da, ambao wanaosikia huwa nao kufikia miezi 10 hivi. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo: anaweza kuhisi mtikisiko, au kusikia kishindo huku "s" na "f" zikimpita. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyepata manjano makali alipozaliwa, au anayetokwa usaha masikioni kila mara apimwe kwa mashine, hata kama anageuka akiitwa.

Dalili moja haingoji umri wowote, nayo ni mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akayapoteza. Huyo apelekwe wiki hiyohiyo.