Kwa Nini Saa Hung'aa Gizani: Unururifu na Nusu-Maisha

Mtahiniwa, kama umewahi kupanda ngalawa usiku wa giza huko Kilwa Kivinje, Masoko au kwingine kwenye pwani ya Lindi, huenda umeona bahari ikimetameta kila kasia linapopiga maji. Mwanga ule hutolewa na viumbe hai wadogo sana, kwa mabadiliko ya kikemikali ndani ya miili yao. Zipo pia saa za mkononi zinazong'aa gizani, lakini chanzo cha mwanga wake ni kingine kabisa.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alileta darasani saa ya marehemu babu yake, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Rangi ya tarakimu ilikuwa imegeuka hudhurungi, na gizani haikutoa mwanga wowote. "Mwalimu, hii dawa imeshakufa," akasema. "Nataka niikwangue kwa wembe nipake mpya." Nilimzuia. Ukimaliza sehemu hii utajua kwa nini.

1. Saa za radiamu

Marie na Pierre Curie waligundua radiamu mwaka 1898. Baadaye viwanda vilichanganya kiasi kidogo cha radiamu na salfaidi ya zinki, vikapata rangi ya kupaka tarakimu na mishale ya saa. Hata saa za kifahari zilitumia rangi hiyo. Jina Radiomir la kampuni ya Panerai ya Italia limetokana na radiamu. Kiini cha radiamu-226 huvunjika chenyewe hivi:

²²⁶₈₈Ra → ²²²₈₆Rn + ⁴₂He

Hakiki mlinganyo: juu, 226 = 222 + 4; chini, 88 = 86 + 2. Chembe ya alfa inayotoka hugonga salfaidi ya zinki, nayo salfaidi hutoa mwanga. Kwa hiyo kazi ziko mbili. Radiamu huleta nishati, salfaidi ya zinki hutoa mwanga. Fikiria jenereta na balbu: balbu ikiungua, jenereta bado inanguruma.

Ndivyo inavyotokea ndani ya saa. Chembe za alfa huharibu fuwele za salfaidi ya zinki kidogo kidogo, na baada ya miaka mingi mwanga hufifia hadi kupotea. Radiamu yenyewe bado ipo.

Madhara yake yalionekana kwa wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani, hasa mjini Orange, New Jersey, kuanzia mwaka 1917. Walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo, hivyo wakameza radiamu kila siku. Radiamu ipo kundi la II pamoja na kalsiamu, na kwa sababu tabia zake za kikemikali zinafanana nayo, mwili huipeleka kwenye mifupa. Wengi waliugua upungufu wa damu, taya zao zikaoza, na baadhi wakafariki. Wanawake watano, akiwemo Grace Fryer, waliishtaki kampuni, na kesi ikamalizika kwa makubaliano ya fidia mwaka 1928.

2. Saa za tritiamu

Baadaye watengenezaji walihamia tritiamu, ambayo ni isotopu ya haidrojeni. Hii hutoa chembe za beta zenye nishati ndogo, zisizoweza kupenya kioo cha saa:

³₁H → ³₂He + ⁰₋₁e

Saa nyingi za Uswisi za wakati huo zina herufi T chini ya namba 6. Hiyo ndiyo alama ya tritiamu.

3. Saa za kisasa

Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilileta rangi isiyo nururifu, iliyotengenezwa kwa strontiamu aluminati. Saa nyingi za kifahari za leo hutumia rangi ya aina hii, kwa jina la Super-LumiNova. Mwanga wa jua au taa ukiiangukia, elektroni hupanda ngazi ya juu ya nishati na baadhi hunaswa huko. Joto la kawaida huzifungua polepole. Zikishuka, hutoa mwanga kwa saa kadhaa. Akiba ikiisha, lazima uimulike tena.

4. Hesabu ya nusu-maisha

Nusu-maisha ni muda unaohitajika ili nusu ya viini nururifu vilivyopo vivunjike.

Mfano: Nusu-maisha ya tritiamu ni miaka 12.3. Ni sehemu gani ya tritiamu itabaki baada ya miaka 49.2?

Idadi ya nusu-maisha = 49.2 ÷ 12.3 = 4
Sehemu inayobaki = ½ × ½ × ½ × ½ = 1/16, yaani 6.25%

Sasa linganisha na radiamu-226, ambayo nusu-maisha yake ni miaka 1,600. Saa iliyopakwa miaka 80 iliyopita imepita 1/20 tu ya nusu-maisha moja. Karibu 97% ya radiamu yake bado ipo.

5. Mtego wa kuepuka

Ifunge saa kwenye sanduku siku nzima, kisha ifungue gizani.

(a) Ikiwa inang'aa bila kumulikwa, ina chanzo chake cha nishati, yaani elementi nururifu.
(b) Ikiwa inang'aa baada ya kumulikwa tu, mwanga wake ni wa akiba. Hilo peke yake halithibitishi kwamba haina unururifu, kwa kuwa hata salfaidi ya zinki inaweza kung'aa kidogo ikimulikwa.
(c) Ikiwa haing'ai kabisa, huwezi kuhitimisha lolote. Huenda balbu imeungua na jenereta inafanya kazi.

Mwanafunzi wangu alinaswa na (c). Kwa macho tu hatukuweza kujua kama saa ya babu yake ina radiamu. Hilo hupimwa kwa kifaa cha kupima mionzi. Kioo na kifuniko huzuia chembe za alfa, ingawa miale ya gama hupita. Angeikwangua, vumbi lake lingeweza kuingia mapafuni au tumboni, mahali ambapo alfa huleta madhara makubwa zaidi. Ukiwa na saa kuukuu ya namna hiyo, usiifungue, usiikwangue, usilale nayo. Wanaohusika na masuala ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Swali la kujipima

Saa ya mwaka 1945 iliyopakwa radiamu haing'ai tena. Juma anasema haina mionzi. Je, yuko sahihi? Toa sababu mbili. (Alama 4)

Jibu: Hayuko sahihi. (i) Kilichoharibika ni salfaidi ya zinki inayotoa mwanga, si radiamu. (ii) Nusu-maisha ya radiamu-226 ni miaka 1,600, hivyo sehemu kubwa ya radiamu bado haijavunjika.

Ukiandika (ii) bila kutaja miaka 1,600, umejinyima alama.