Kelele za mji zinapogeuka sanaa: nani atazihifadhi za kwetu?

Saa kumi na mbili asubuhi, komini ya Kenya mjini Lubumbashi. Mashine ya kusaga mahindi imeanza kunguruma. Baiskeli zenye magunia ya makala zinalia kwa uzito. Vijana wa basi ndogo wanaita abiria, na kila mmoja ana namna yake ya kuvuta jina la kituo. Kwa wengi wetu hizo ni kelele tu. Lakini kuna wasanii wanaokwenda mahali kama hapo na maikrofoni, wanazinasa, kisha wanazipeleka ukumbini zisikilizwe.

Gitaa na ngoma si lazima. Sauti ya barabarani hukatwa, hupunguzwa mwendo, hurudiwa na kuwekwa juu ya nyingine, hadi msikilizaji ashindwe kujua kama anasikia injini au kwaya. Wengine hubandika maikrofoni ndogo kwenye chuma cha daraja ili wasikie daraja lenyewe likitetemeka.

Mara nyingi historia ya kazi hii huanzishwa Paris mwaka 1948, pale Mfaransa Pierre Schaeffer alipotunga kwa sauti za treni. Hiyo ni nusu ya habari. Miaka 4 kabla yake, mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima chombo cha kunasia sauti kwenye waya wa chuma, akarekodi ibada ya zaar ambamo wanawake huimba ili kutuliza mapepo. Kisha akaingia studio ya redio, akapunguza sauti zenyewe na kukuza mwangwi wake. Afrika haikuja nyuma katika jambo hili.

Mjini Lagos, Emeka Ogboh amefanya kazi kwa miaka mingi na sauti za mji wake, hasa wito wa makondakta wa danfo, zile basi ndogo za manjano. Ukiwasikia tu unajua gari linapita wapi, bila kusoma bango lolote. Kazi zake zimesikika katika makumbusho ya Ulaya, ambako sauti ya foleni ya Lagos hutoka kwenye spika katikati ya ukimya.

Ila anayetugusa zaidi sisi Wakongo ni Mkenya, KMRU. Jina lake ni Joseph Kamaru, alizaliwa Nairobi mwaka 1997, na ana jina la babu yake, mwanamuziki maarufu wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Alianza kwa kurekodi mazingira ya Nairobi, akatoa albamu ya Peel mwaka 2020, halafu akahamia Berlin. Mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, ambayo imetokana na kusikiliza hifadhi ya sauti ya makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji.

Tervuren tunaijua kwa vinyago. Tunasahau kwamba sauti pia zilichukuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Armand Hutereau alirekodi nyimbo kaskazini mwa Kongo kwenye mitungi ya nta, na wakoloni wengine wakaendelea baada yake. Kinyago kikirudishwa, watu wanakiona kikishuka kwenye ndege. Sauti inarudije? Nakala kwenye kompyuta ni rahisi kutuma, lakini nani ana haki ya kuikata na kuitungia kazi mpya? KMRU hakutoa jibu la kisheria. Alisikiliza, akatunga, akaliacha swali wazi, na kwa maoni yangu Mkongo ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kulishika.

Nafasi ipo. Lubumbashi ina Biennale iliyoanzishwa mwaka 2008 na kikundi cha Picha, ambacho mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waasisi wake. Na vifaa si kisingizio tena, simu inatosha kuanzia. Zima mtandao kwanza, maana ikiita katikati umepoteza kila kitu. Ikinge na upepo kwa kitambaa. Baki mahali pamoja angalau dakika 10 bila kusema neno. Usikaribie kambi ya askari na simu iliyoinuliwa, hilo halihitaji maelezo. Tena mwombe ruhusa mama muuzaji kabla ya kunasa sauti yake, maana tukichukua bila kuuliza, tutawalaumu vipi wa Tervuren?

Nilijaribu mwenyewe mbele ya ile mashine ya kusaga, mwenye nayo akacheka na kukubali. Nyumbani, nikiwa na spika za masikioni, nilirudia mara tatu. Nyuma ya mngurumo kulikuwa na mtoto akihesabu noti kwa sauti, polepole, akikosea kwenye kumi na saba na kuanza tena. Pale pale mashineni sikuwa nimemsikia kabisa.