Mvulana akichoka ovyo na kuzidi weusi, apimwe

Je, una mtoto wa kiume anayechoka upesi, asiye na hamu ya chakula, na ambaye hulegea kabisa kila apatapo homa? Ikiwa amepimwa malaria na minyoo bila kitu kuonekana, tazama ufizi wake, mikunjo ya viganja na makovu ya zamani. Kwetu sisi watu weusi, hapo ndipo weusi usio wa kawaida hujitokeza, na hata daktari aweza kuupuuza.

Huenda tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo mithili ya kofia, zimeshindwa kutoa homoni ya kotisoli, ambayo huuwezesha mwili kustahimili maradhi. Vidonge vya haidrokotisoni humrudishia mtoto nguvu, na wazazi wengi wangeishia hapo kwa furaha.

Usiishie hapo. Kwa mvulana, kudhoofika kwa tezi hizi kwaweza kuwa ishara ya kwanza ya adrenolukodistrofi, ugonjwa wa neva unaorithiwa. Jeni yake, iliyogunduliwa mwaka wa 1993, imo katika kromosomu ya X, ambayo mvulana huipata kwa mamake. Kasoro hiyo huufanya mwili ushindwe kuvunja aina fulani ya mafuta, nayo hurundikana katika tezi na katika utando unaofunika neva.

Ubongo ukiguswa, mara nyingi kati ya umri wa miaka 4 na 10, mtoto aliyekuwa mwerevu huanza kushindwa na masomo, haoni wala hasikii vyema, huyumba. (Shuleni huchapwa kwa utundu!) Wengine hukakamaa miguu ukubwani, na akina mama wenye jeni hiyo pia.

Kipimo cha damu huyaonyesha mafuta hayo. Mtoto akipatikana nayo, hupigwa picha za ubongo mara kwa mara, kwa kuwa kupandikizwa uboho husaidia tu madhara yakiwa bado machache. Vidonge haviponyi neva, wala uboho mpya haufufui tezi.

Vidonge hivyo visikatizwe ghafla. Akipata homa kali, muulize daktari kuhusu kuongeza dozi. Akitapika, mkimbize hospitali adungwe sindano ya haidrokotisoni. Na ndugu zake wa kiume wapimwe pia, hata wale wanaocheza kandanda kutwa.