Naseli Ikinyamaza: Kipimo Ndicho Shahidi wa Fundi



Katika viwanda na maghala ya Bujumbura wengi wenu mmeiona mashine ile ya kuinua watu, ambayo mafundi wetu huiita naseli. Ina magurudumu manne, injini ya dizeli, mkono mrefu wa chuma, na mwishoni mwa mkono kikapu ambamo mfanyakazi husimama. Kwa mashine hiyo tunabadilisha mabati, tunapaka matangi rangi na kutengeneza taa za ghala. Imewaondoa wenzetu wengi juu ya ngazi za miti zilizofungwa kwa kamba, na kwa hilo tunaisifu.

Lakini ina ugonjwa mmoja ulioleta ugomvi mwingi kati ya mafundi na matajiri. Injini inazimika au inakataa kuwaka, na kioo cha mashine kinaonyesha kwamba hakuna mawasiliano na kompyuta ya injini. Mwenzetu aliye juu anakwama. Fundi aliye chini anaulizwa maswali, na akishindwa kujibu analaumiwa, pengine anakatwa mshahara kwa kitu ambacho hakukiharibu. Kwa hiyo jambo hili ni la chama, si la gereji peke yake.

MASHINE INAZUNGUMZAJE?

Zamani kila swichi ilikuwa na waya wake. Fundi alichukua taa ndogo ya kupimia, akafuata waya mpaka akapata ulipokatika. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza utaratibu mwingine uitwao CAN. Nyaya mbili tu, zilizosokotwa pamoja, hubeba habari za kompyuta zote za mashine kwa kupokezana. Kompyuta ya vidhibiti inasema, "Washa". Ya injini inaitika na kueleza joto, mwendo na hali ya mafuta. Wakiacha kusikilizana, mashine inasimama.

Malori mengi mapya na matrekta mapya hutumia utaratibu huo huo. Basi, ndugu wa mashamba ya miwa na chai, ukurasa huu ni wenu pia.

Katika kila mwisho wa nyaya hizo mbili imewekwa resista ya omu 120. Zikiwa mbili nzima, mita husoma omu 60 hivi. Namba hiyo 60 ikumbukwe.

HATUA ZA KUPIMA

Kwanza usalama. Ikiwa kuna mtu juu, ateremshwe kabla ya jambo lolote. Naseli nyingi zina pampu ya dharura inayotumia betri, na vidhibiti vya chini, hata injini ikiwa imekufa. Mashine iwe mahali tambarare, mkono umelazwa, na asisimame mtu chini ya mkono. Kisha:

1. Andika namba za makosa zinazoonekana kwenye kioo kabla ya kufungua betri. Baadhi yake hupotea betri ikifunguliwa.

2. Jaribu kuwasha kwa vidhibiti vya chini, halafu kwa vya kikapuni. Ikikubali chini na kukataa kikapuni, shuku kwanza kebo inayopita ndani ya mkono, kwa maana hukunjwa na kukunjuliwa kila siku.

3. Pima betri. Ikiwa imejaa na imetulia husoma volti 12.6 hivi. Pima tena wakati stata inazungusha injini. Ikishuka chini ya volti 10, betri au vichwa vyake vinatiliwa shaka. Kompyuta iliyokosa umeme hunyamaza, na kioo huandika kwamba haipo. Mwenye njaa hana sauti.

4. Angalia fyuzi, rilei, na waya wa ethi wa kompyuta ya injini. Boliti ya ethi yenye rangi au kutu imewahangaisha mafundi wengi.

5. Fungua betri, kisha pima omu kati ya nyaya mbili za CAN. Ukisoma 60 hivi, njia ni nzima. Ukisoma 120, waya umekatika mahali au resista moja haipo. Ukisoma karibu na 0, nyaya zimegusana.

6. Mita ikiwa bado imeunganishwa, tikisa kebo pole pole, kipande kwa kipande. Namba ikiruka, umepafika.

7. Fungua plagi moja moja. Tazama maji, kutu ya kijani, na pini iliyorudi nyuma.

8. Rudisha betri, fungua swichi, upime volti ya kila waya na ethi. Zote hukaribia 2.5, mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo.

Yakishapita yote hayo, hapo ndipo unaweza kuishuku kompyuta yenyewe. Na taa ya kupimia usiiguse katika nyaya hizi. Huvuta umeme mwingi na inaweza kuharibu. Tumia mita.

MAMBO YA HAPA KWETU

Bujumbura ina unyevu wa ziwa na mvua nyingi. Tanganyika ilipopanda na kufurika mwaka 2020 na tena 2024, maji yaliingia Gatumba na sehemu nyingine za mwambao. Mashine iliyolowa namna hiyo huweza kuonekana nzima, kumbe kutu inakula pini ndani ya plagi kwa miezi. Tena katika miaka ya 2022 hadi 2024 mafuta yaliadimika, mashine zikalala wiki kwa wiki, na betri zikafa. Mashine ikiamshwa kwa betri mbovu huandika makosa ya mawasiliano ambayo hayapo.

Mawili mengine ni kazi ya mikono yetu. Tusioshe plagi kwa maji ya nguvu. Na kabla ya kuchomelea chuma cha mashine, tufungue betri na plagi za kompyuta, kwa sababu umeme wa kuchomelea unaweza kuziunguza.

KESI MOJA

Katika kiwanda kimoja cha mji huu fundi aliambiwa ameunguza kompyuta ya naseli. Tajiri alitaka kuagiza nyingine kutoka nje na kumkata fundi mshahara mpaka deni liishe. Wajumbe wetu waliomba jambo moja tu: ipimwe mbele ya wote. Mita ikasoma 120. Kebo ilipotikiswa penye kiungo cha mkono, ikasoma 60, ikarudi 120. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma mpaka ukakatika ndani ya ganda. Ukaungwa, ukafungwa mbali na chuma, injini ikawaka. Mshahara haukukatwa. Maneno matupu yasingemwokoa ndugu yule. Namba iliyoandikwa ndiyo iliyomwokoa.

TUNALODAI

Wapo wakubwa wa kazi wanaosema, "Unganisha moja kwa moja, kazi isilale." Kuruka swichi ya dharura au kifaa kinachopima mwinamo na uzito ni kumweka mwenzako juu ya kaburi. Tukatae. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkutano wa Shirika hilo huko Geneva uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Burundi ni mwanachama tangu 1963.

Basi kila kamati ya kiwanda idai haya: mita nzuri moja kwa kila gereji, kitabu cha mashine katika lugha ambayo fundi anaisoma, mafunzo kwa mafundi wetu wenyewe, na mtu mmoja chini, aliyefundishwa kuteremsha kikapu, kila mwenzetu anapokuwa juu.

Na kila fundi awe na daftari. Aandike tarehe, namba ya kosa, omu na volti, kisha mjumbe wa chama atie sahihi. Siku ya lawama, daftari hilo litasema kwa niaba yake.

Umoja ni nguvu.