Dozi Sahihi ya Dawa ya Thairoidi Hutafutwa kwa Subira

Kwa mkazi wa Lukuledi au Newala, kupima homoni za tezi ya thairoidi mara nyingi ni safari: hadi hospitali kubwa ya Ndanda, au mbali zaidi hadi Mtwara. Kipimo kikifanywa wakati usiofaa, nauli hupotea na dozi huweza kubadilishwa bila sababu ya kweli.

Tezi hii iliyo mbele ya shingo inapopungukiwa nguvu, mtu huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito na hupata choo kigumu. Tiba yake ni vidonge vya levothairoksini. Chumvi yenye madini joto ni kinga dhidi ya upungufu wa madini hayo. Haichukui nafasi ya vidonge.

Dozi ya kuanzia

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo, ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 huhitaji karibu mikrogramu 100. Mzee au mgonjwa wa moyo huanzishiwa mikrogramu 12.5 hadi 25, kisha huongezewa polepole.

Kwa nini kusubiri?

Nusu ya dawa hii huchukua siku 7 hivi kutoka mwilini. Kwa hiyo kiwango chake katika damu hutulia taratibu, na kipimo cha TSH hufaa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadili dozi. TSH ikiwa juu, dawa inayofika mwilini haitoshi; ikiwa chini mno, imezidi. Ziada huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa.

Kabla ya kuongeza dozi

Mhudumu aulize kwanza dawa inamezwaje. Imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai au uji. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini chuma, na vya kalisi, vipishane nayo kwa saa 4. Itunzwe mahali pakavu, mbali na joto na mwanga.

Aliyekosa vidonge kwa wiki kadhaa, pengine akisubiri fedha za korosho, kisha akameza siku chache tu kabla ya kupimwa, atakuwa na TSH ya juu ingawa dozi aliyoandikiwa inamtosha. Aseme ukweli huo bila hofu, na mhudumu aupokee bila kumkaripia.

Mama mjamzito

Mwanamke anayetumia dawa hii aende kliniki mara tu anapojua ni mjamzito. Mahitaji yake huongezeka mapema, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 30, na katika miezi 3 ya kwanza mtoto hutegemea homoni ya mama. Hapa TSH hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi katikati ya ujauzito.

Wengine wote, dozi ikishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka kwa kawaida hutosha. Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu: nafuu hiyo ndiyo kazi yake.