Aliyepasuliwa kupitia puani asipenge kamasi

Huenda una ndugu au jirani aliyepewa rufaa hospitali kubwa, akatolewa uvimbe ulioota chini ya ubongo, labda ule unaobana mishipa ya macho na kupunguza kuona. Siku hizi upasuaji huo mara nyingi hupitia puani kwa kamera nyembamba. Mgonjwa anarudi nyumbani hana kidonda usoni. Watu wanamwona mzima, kesho yake wanamtuma maji. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ubongo wetu unaelea ndani ya majimaji, na majimaji hayo hayo yanazunguka uti wa mgongo. Mtu mzima anayo kiasi cha mililita 150, na mwili hutengeneza kama nusu lita kila siku. Kati ya pua na ubongo kuna mfupa mwembamba na ngozi laini isiyopitisha maji. Daktari akipita hapo anaacha tundu, kisha analiziba kwa mafuta au utando uliotoka pajani au tumboni kwa mgonjwa mwenyewe, au kwa ngozi ya ndani ya pua. Kiraka hicho kinahitaji wiki kadhaa kushika. Kikiachia, majimaji yanavuja puani, na vijidudu vya puani vinapata njia ya kupanda juu na kuleta homa ya uti wa mgongo, ambayo inaua.

Kinachokiachisha kiraka ni presha ya ghafla kichwani. Kwa hiyo mgonjwa asipenge kamasi kabisa mpaka daktari amruhusu. Apanguse tu kwa kitambaa safi. Chafya ikija asiibane, apige mdomo wazi. Vumbi la Nakivale la mwezi wa saba mnalijua, basi akae mbali na barabara, mbali na moshi wa jiko na pilipili inayokaangwa. Ugoro aache. Alale kichwa kikiwa juu, hata kwa blanketi lililokunjwa chini ya mto.

Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na madaktari wengi hawataki mgonjwa huyu anyanyue hata kilo 5. Hiyo ni pamoja na mtoto wa kubeba mgongoni. Kuni, jembe, kuinama kufua, vyote vifanywe na wengine kwa wiki nne hadi sita, au kadiri karatasi ya hospitali inavyosema. Najua kwa mama anayeishi peke yake na watoto hili ni gumu, ndiyo maana naandika kwa majirani pia. Gawaneni zamu za maji.

Choo kigumu nacho kina madhara, kwa sababu mtu anajikamua. Posho na maharage kila siku bila mboga huleta tatizo hilo. Atafutiwe lengalenga na papai, anywe maji ya kutosha kama daktari hakumpa kipimo. Ikishindikana aombe dawa ya kulainisha choo.

Ndugu Waislamu, mgonjwa anaweza kuswali akiwa amekaa bila kusujudu, na wakati wa kutawadha asipandishe maji puani. Dawa za mitishamba za kutia puani hapana, kwa dini zote.

Sasa dalili. Mama mmoja wa mtaa wetu alitokwa na maji puani siku tatu akasema ni mafua. Kamasi za mafua mara nyingi huwa nzito. Majimaji ya ubongo ni mepesi kama maji ya kunywa, hudondoka zaidi mtu akiinama, mara nyingi upande mmoja, au hushuka kooni na ladha ya chumvi. Kichwa kinaweza kuuma akisimama na kupoa akilala. Ukiona hivyo usinunue vidonge vya rangi mbili dukani. Kinga matone kwenye chupa safi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na karatasi ya upasuaji. Homa, shingo kukakamaa, kutapika au kuchanganyikiwa ni gari la wagonjwa mara moja, hata usiku.

Na kama jina lako limetoka kwa safari ya kwenda nchi ya tatu, waambie madaktari wa IOM kuhusu upasuaji huo wakati wa uchunguzi. Usifiche kwa kuogopa kucheleweshwa. Kupanda ndege kabla kiraka hakijashika kuna hatari, na tarehe inaweza kusogezwa.