Jumba la Kurukia: Umeuliza Bei, Umeuliza Rangi... Cheti Je?

Keki umeshaagiza. Rangi za maputo mmebishana na shoga yako mpaka mkakubaliana zambarau na dhahabu. MC kalipwa nusu, mpiga picha kathibitisha, na baba watoto, baada ya kununa siku mbili kuhusu bajeti, hatimaye katoa hela ya soda. Kimebaki kitu kimoja tu, na hicho ndicho mwanao anachokiulizia kila asubuhi: lile jumba kubwa la plastiki linalojazwa upepo, la kurukia.

Unachukua simu. "Habari kaka, namba yako nimepewa na rafiki. Jumamosi una nafasi?" Jibu linarudi fasta na picha tano. Lipo lenye mteremko, lipo lenye sura ya simba, lipo la pinki la mabinti. Unauliza bei, unaomba upunguziwe, unatuma advansi. Dakika kumi, biashara imekwisha.

Sasa, mpenzi msomaji, hebu kumbuka. Katika mazungumzo yote yale, kuna mahali uliuliza litafungwa na nini? Nani atakaa pale mlangoni muda wote, na alifundishwa na nani? Wengi wetu hatuulizi. Dereva wa basi la shule tunataka kujua kama ana leseni. Dada wa kazi tunamtafutia mdhamini. Lakini mtu anayewapandisha watoto kumi na tano juu ya kitu kinachosimama kwa nguvu ya feni, tunamuuliza rangi.

Laini ni laini, lakini ni tanga

Kinachotupumbaza ni ule ulaini. Mtoto akianguka anaangukia kama godoro, kwa hiyo tunajiambia hapa hakuna la kuogopa. Tatizo lipo chini ya jumba na pembeni yake. Likishajaa upepo linakuwa kubwa kama chumba, halafu ni jepesi kwa ukubwa wake. Muulize mvuvi yeyote wa Kigamboni kitu cha namna hiyo kinaitwaje: ni tanga. Tofauti ni kwamba tanga la jahazi lina nahodha anayejua upepo wa saa tisa alasiri, na hili letu mara nyingi limefungwa kwenye mti wa mwarobaini na bampa la gari la mjomba.

Machi 26, 2016, wakati wa sikukuu ya Pasaka, katika mji wa Harlow nchini Uingereza, upepo uling'oa jumba la namna hii kwenye viwanja vya michezo na kulisukuma mita zipatazo 300. Ndani alikuwemo msichana wa miaka 7. Alifariki. Mwaka 2018 wahudumu wawili wa viwanja vile walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa, kila mmoja akafungwa miaka mitatu. Hoja za mashtaka zilikuwa mbili tu: jumba halikufungwa ipasavyo, na hali ya hewa haikufuatiliwa. Utaona kwamba yote mawili ni kazi ya mtu.

Wenzetu wanapima vitu vitatu

Uingereza, ambako biashara hii ni ya siku nyingi, wanatenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya.

La kwanza ni jumba lenyewe. Kuna mpango unaoitwa PIPA, ambapo mkaguzi hulipima jumba kila mwaka: mishono, feni, matundu, sehemu za kufungia. Likifaulu linabandikwa kibao chenye namba. Mzazi anaichukua ile namba, anaiangalia kwenye intaneti, na anaona lilipimwa lini. Mabembea ya mashine, yale ya kuzunguka na kurusha watu juu, yana mpango wao mwingine, ADIPS, nao una cheti cha kila mwaka.

La pili ni mtu. Anayelisimika na anayelisimamia wanatakiwa wawe wamefundishwa, na asikosekane msimamizi hata dakika moja watoto wakiwa ndani. Anafundishwa nini? Kusoma upepo, kufunga kamba, kuhesabu watoto, kutenganisha wakubwa na wadogo, na kuwatoa wote haraka feni ikizimika.

La tatu ni biashara: imesajiliwa wapi, ina bima gani, nani atawajibika mgeni wako akivunjika mkono.

Ukiyasoma masharti yao unashangaa yalivyo ya kawaida, hayahitaji hata digrii. Jumba liwe na sehemu za kufungia zisizopungua 6, na zote zitumike. Kigingi kiwe cha chuma, urefu wake angalau sentimita 38, yaani rula ya shule na kipande juu yake, unene milimita 16, na kichwa chake kiwe cha mviringo ili kisimchane mtoto. Mahali pa sakafu ngumu, ambapo kigingi hakiingii, kila sehemu ya kufungia ipewe uzito usiopungua kilo 163.

Piga hesabu hapo. Mfuko wa simenti ni kilo 50, kwa hiyo ni zaidi ya mifuko mitatu kwa kila kamba. Kamba 6 ni kilo 978, karibu tani moja. Halafu ukumbuke ule ua wako uliotandikwa pevingi, na yale madumu mawili ya maji ambayo yule kijana aliyaegesha akasema, "Usijali dada, hili haliendi popote."

Upepo nao una namba yake: ukizidi kilomita 38 kwa saa, watoto washuke na jumba lipunguzwe upepo. Mwenye kazi yake anabeba kipima upepo kidogo cha mkononi. Wewe usiye nacho, tazama miti. Ukiona miti midogo yenye majani imeanza kuyumba yote, shina na matawi, umeshafika kwenye mpaka huo. Kwa sisi wa pwani, msimu wa kusi unapovuma hiyo si habari ya ajabu, ni alasiri ya kawaida. Na wale wa bara, Dodoma au Shinyanga wakati wa kiangazi, mnaijua chamchela inavyotokea uwanjani bila hodi.

"Lakini ana leseni!"

Ukimbana sana mwenye jumba, atakutumia picha ya leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Vizuri, ni dalili ya mtu mwenye anwani. Ila tusijidanganye. Leseni ya biashara inaonyesha kwamba amejisajili na analipa anachotakiwa kulipa. Haisemi mishono ya jumba lake ikoje, wala kama yule kijana aliyemtuma kwako amewahi kufundishwa hata siku moja. Leseni ya duka haikuhakikishii kwamba maziwa hayajachacha, au siyo?

Sheria tunayo ya kuanzia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inagusa pia watu wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika na kazi ya wengine. Mwanao anayeruka pale ni mmoja wao, kwa sababu kwa yule kijana wa kamba, ua wako siku hiyo ni kazini kwake.

Na uchungu wa jambo hili tunaujua. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd, watoto wapatao 20 walikufa katika msongamano kwenye ukumbi wa disko mjini Tabora. Baada ya hapo tukazoea tangazo la polisi sikukuu zikikaribia: disko toto marufuku. Marufuku ina sababu yake, lakini huja baada ya msiba. Cheti na mafunzo kazi yao ni kuuliza maswali mapema, wakati watoto bado wanavaa viatu.

Cheti nacho si hirizi

Tusije tukatoka hapa tunaabudu karatasi. Julai 26, 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, bembea kubwa la mashine lilikatika likiwa hewani. Kijana wa miaka 18 alifariki, watu 7 wakajeruhiwa. Bembea lile lilikuwa limekaguliwa na kupitishwa. Kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka 2019 jimbo lile likapitisha sheria kali zaidi ya ukaguzi, na wenye mabembea wakatakiwa kutunza kumbukumbu za mashine zao, mpaka zinavyohifadhiwa.

Na mfano mzito kuliko wote ni wa Devonport, Tasmania, nchini Australia. Desemba 16, 2021, wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wanafurahia kufunga mwaka. Chamchela ikapita, ikanyanyua jumba la kurukia. Watoto 6 walifariki. Mahakamani ilielezwa kwamba jumba lilikuwa na sehemu 8 za kufungia, na vigingi vilivyotumika vilikuwa 4. Juni 2025 mwenye biashara aliachiwa huru. Hakimu alisema chamchela ile isingetabirika, na hata vigingi vyote 8 visingeizuia.

Msomaji mmoja atasema: basi kuna faida gani? Faida ipo. Chamchela ya namna ile ni nadra. Kamba iliyofungwa kizembe na msimamizi aliyekwenda kula pilau tunakutana navyo kila Jumamosi, na hivyo vinazuilika. Wazazi wa Devonport walibaki miaka mitatu na nusu wakijiuliza kuhusu vigingi vinne. Hilo swali ni zito kulibeba hata ukishaambiwa na hakimu kwamba lisingebadilisha kitu.

Muulize haya kabla ya advansi

Uliza kwa heshima. Huyu ni mtu anayetafuta riziki kama wewe, na aliye makini atafurahi kuulizwa.

1. Jumba lilipimwa lini mara ya mwisho, na nani? Kuna karatasi au kibao?
2. Lina sehemu ngapi za kufungia, na utakuja na vigingi vingapi? Namba hizo mbili zilingane.
3. Kwangu ni sakafu ya pevingi. Utaweka uzito gani, kilo ngapi kila kamba?
4. Nani atakaa nalo muda wote? Jina lake, umri wake, na amefundishwa wapi?
5. Mwisho watoto wangapi kwa mara moja, wa umri gani?
6. Umeme ukikatika utafanya nini? Jenereta lipo? Feni na nyaya zitakaa wapi ili watoto wasizifikie?
7. Upepo ukizidi unasimamisha? Na ukisimamisha, bado nakulipa? Mwambie ndiyo, unamlipa. Mtu anayeogopa kukosa hela yake hatawashusha watoto.
8. Una bima inayomhudumia mgeni akiumia?

Akijibu matano vizuri na matatu akasitasita, unajua pa kuanzia kujadiliana. Akicheka akakuambia, "Dada, mbona una maswali kama polisi," mshukuru, tafuta mwingine.

Nani atasema "shukeni"?

Hapa ndipo pagumu kuliko vigingi vyote. Sherehe imenoga, mziki uko juu, mawifi wamekuja, bosi wa baba watoto kaleta mapacha wake. Upepo unaanza kuamka. Kila mzazi anaona, na kila mzazi anadhani mwenzake ataongea. Mama yuko na keki, baba yuko kwenye jiko la nyama, dada wa kazi anaona lakini anaogopa kuwakatisha raha watoto wa wageni. Yule kijana wa jumba anasubiri mwenye nyumba aseme, na mwenye nyumba anasubiri kijana aseme.

Kubalianeni usiku wa kuamkia sherehe. Mmoja wenu, mama au baba, siku ile ndiye mwenye neno la jumba. Hapiki, hapokei wageni, halipi fundi wa mziki. Mwingine anaapa kutompinga mbele za watu, hata kama mapacha wa bosi watalia. Mwambieni na dada kwamba akiona kamba imelegea ana ruhusa ya kupaza sauti, na hakuna atakayemgombeza. Mwambieni yule kijana hivyo hivyo, tena mbele ya wageni, ili ajue ana mgongo wa kuegemea.

Wanandoa wengi hugombana kwa sababu ya hela ya sherehe. Mgombane basi kwa hili: kama ya kutosha haipo, ipunguzwe keki tabaka moja, alipwe msimamizi wa pili. Keki ya tabaka mbili nayo inapendeza kwenye picha.

Na watoto wakishushwa mapema? Watanuna robo saa, mtawapa aiskrimu, watarudi kwenye kukimbizana na maputo. Jumatatu mwanao ataamka, atavaa sare, ataenda shuleni kuwahadithia wenzake kwamba mama yake aliharibu bethidei. Mwache ahadithie.